Kutoka Meza ya Ofisi Hadi Chupa ya Mafuta: Yafaa Kujua Nini Kabla ya Kuacha Mshahara?

Katika toleo hili tunajibu swali ambalo siku hizi linatufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa wale wanaofanya kazi katika benki, kampuni za bima na ofisi kubwa kubwa hapa mjini. Mtu ana miaka kumi au kumi na mitano kazini. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, lakini mgongo unauma, usingizi umepotea, na kila mara kuna uvumi kwamba wafanyakazi wataombwa wastaafu mapema kwa hiari. Halafu anasikia habari za aromatherapia, ile kazi ya kukanda watu na kuwatuliza kwa mafuta ya mimea yenye harufu. Anatuuliza: hii ni kazi ya kweli? Naweza kuacha mshahara nikaifanye? Na watoto watakula?

Jibu letu ni kwamba kazi ni ya kweli, ila pesa zake huchelewa kufika, na wanaoumia kwa kuchelewa huko si yule aliyeacha kazi peke yake. Tutaeleza kazi yenyewe ni nini, inajifunzwa wapi, halafu tufike kwenye pesa, maana huko ndiko watu wengi wanakoanguka.

NI KITU GANI HASA?

Jina ni geni lakini jambo lenyewe si geni. Mwanakemia mmoja wa Ufaransa, René-Maurice Gattefossé, ambaye jamaa zake walikuwa na kampuni ya manukato, aliungua vibaya akiwa maabarani mwaka wa 1910. Alitumia mafuta ya lavenda kwenye vidonda, akaona yanasaidia, akaendelea kuchunguza. Mwaka wa 1937 alitoa kitabu, na hicho ndicho kilicholipa jambo hili jina lake la kizungu.

Lakini nani hapa Uasin Gishu hajui nguvu ya harufu? Kibuyu cha mursik, yaani sotet, husuguliwa ndani kwa mkaa wa senetwet, na mtu aliyekaa Nairobi miaka ishirini akinusa tu, moyo wake uko jikoni kwa nyanyake. Kule Pwani bibi harusi hufukizwa udi na kupambwa kwa asumini. Na ni nani kati yetu hakuwahi kufunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, ule mti tunaouita bulugamu, alipokuwa na mafua? Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, kujifukiza kulienea Afrika Mashariki yote.

Tena biashara ya mafuta haya iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Visiwa vya Komoro vinaongoza duniani kwa mafuta ya langilangi, ua linalotumika katika manukato ya bei kali ya Ufaransa. Pemba wanakamua mafuta kutoka makonyo ya karafuu, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu ikichambuliwa. Hapa Kenya, wakati wa ukoloni, mti wetu wa mutarakwa, ambao Wakalenjin huuita tarakwet, ulikuwa ukikamuliwa mafuta ya kuuzwa nje. (Leo usiende msituni na panga kwa sababu umesoma hivi. Mutarakwa haukatwi bila kibali.)

Basi mtaalamu wa aromatherapia anafanya nini? Anachukua matone machache ya mafuta makali ya mmea, anayachanganya na mafuta laini kama ya alizeti, makadamia au avokado, halafu anamkanda mteja, au anampa avute harufu. Kukanda kunalegeza misuli. Harufu inafanya kazi kwa njia ya pua, ambayo imeungana moja kwa moja na sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana yule wa mursik alirudi jikoni kwa nyanyake hata kabla hajafikiri.

MAFUTA HUPATIKANAJE?

Njia ya kawaida ni mvuke. Majani yanawekwa katika pipa lililofungwa vizuri, mvuke unapita katikati yake na kubeba mafuta. Unaingia kwenye bomba linalopita ndani ya maji baridi, unageuka tena kuwa maji, na kwenye chombo cha mwisho mafuta yanajitenga. Mengi huelea juu. Ya karafuu huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Yale maji yanayobaki nayo yana harufu na hayamwagwi. Marashi ya waridi wanayonyunyiziwa wageni Pwani yanatokana na kazi ya namna hii.

Yaonekana rahisi, sivyo? Lakini hesabu majani. Kilo 100 za majani ya mkaratusi huweza kutoa mafuta kilo moja au mbili hivi. Waridi ni kali zaidi, kwani kilo moja ya mafuta huhitaji karibu kilo 4,000 za maua. Na pipa linakula kuni kutwa nzima. Kwa hiyo anayetaka kuwa mkandaji asidhani lazima pia awe mkamuaji. Hizo ni kazi mbili, na anayeanza nyumbani hununua mafuta yake kwa mtu anayeaminika.

MFANO WA KAKAMEGA

Kuna mfano mmoja ambao tungependa kila msomaji aujue, na hauko Ulaya. Uko kando ya Msitu wa Kakamega, ambao unafika ukishuka njia ya Kapsabet na kuelekea Chavakali. Msitu huo ndio kipande pekee kilichobaki nchini Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua uliokuwa ukitokea Kongo na Afrika Magharibi. Watu waliouzunguka walikuwa wakiingia kutafuta kuni, makaa na dawa za kienyeji, na msitu ukawa unaisha.

Wakulima wa hapo, katika kikundi kinachoitwa Muliru Farmers Conservation Group, waliamua kulima mmea wenyewe shambani badala ya kuung'oa msituni. Mmea huo ni jamaa ya mrihani. Huko huitwa mwonyi, na wataalamu wanauita Ocimum kilimandscharicum. Majani yake yana kafuri kwa wingi. Wazee walikuwa wakiyatumia kwa mafua tangu zamani. Kituo cha ICIPE cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo kwa ajili ya kuchunguza wadudu, kilishirikiana nao katika utafiti na katika kuanzisha ukamuaji. Matokeo yake ni dawa ya kupaka inayoitwa Naturub, ya mafua, maumivu ya misuli na kuumwa na wadudu. Mwaka wa 2010 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa nini tunawaeleza hayo, na wakulima wa Muliru hawakuacha kazi yoyote ya ofisi? Kwa sababu mara nyingi anayetoka ofisini anafikiri pesa iko kwenye chupa. Atatengeneza dawa yake mwenyewe jikoni, abandike karatasi yenye jina zuri, auze. Tazameni basi Muliru walipitia nini: mmea ukajulikana kwa jina lake la kisayansi, ukapimwa una nini ndani, mtambo ukajengwa, mkulima akafundishwa kuvuna kwa wakati, dawa ikapitia kwa wenye mamlaka, chombo na jina vikatafutwa, soko likatafutwa. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, ya watu wengi, pamoja na wataalamu waliokuwa wakilipwa na kituo chao. Hawakusema dawa yao inaponya kila kitu. Walisema mafua, misuli na wadudu, wakaishia hapo.

Mtu mmoja na sufuria yake hawezi kufanya hayo yote. Dawa yoyote inayodai kutibu ugonjwa ni lazima ipitie Bodi ya Dawa na Sumu, na bidhaa nyinginezo za kujipaka zinahitaji alama ya ubora ya KEBS. Huo ni mzigo wa baadaye. Kwa anayeanza, kinachouzwa ni mikono yake na elimu yake.

KUJIFUNZA

Elimu hiyo ina sehemu tatu, na chuo kinachoruka mojawapo hakifai. Kwanza ni mwili: misuli, mifupa, ngozi, mzunguko wa damu, na hasa nani asikandwe. Mwenye homa hakandwi. Mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma hakandwi, kwa maana huenda kuna damu iliyoganda, na kuisukuma kunaweza kuua. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu, mwenye kifafa, mwenye kansa, hao wote huulizwa kwanza daktari wao amesema nini.

Pili ni mimea, na kila mmea kwa jina lake la kisayansi. Tunasema bulugamu kwa miti mingi, kumbe mafuta yake hayafanani. Tatu ni vipimo. Mililita moja ni kama matone 20. Mchanganyiko wa asilimia 2, ambao ni wa kawaida kwa mtu mzima mwenye afya, ni matone 12 tu katika mililita 30 za mafuta laini. Chupa ndogo ya mililita 10 ina matone kama 200, basi inatosha kukanda watu 16 hivi. Anayemimina kwa kukadiria na jicho anapoteza pesa na anachoma ngozi za watu.

Vyuo viko vya kila namna. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka wa 2013, kisha hakikisha wewe mwenyewe. Uliza pia mtihani wa mwisho unatolewa na nani, maanake cheti kinachotolewa na mwenye chuo peke yake kina nguvu kidogo. Baadhi ya vyuo vya Nairobi hutayarisha wanafunzi kwa mitihani ya nje kama ITEC na CIDESCO, na karo yake si ya mchezo. Wengi huanza na kozi ya urembo na kukanda katika chuo cha ufundi kilicho karibu, halafu wanaongeza elimu ya mafuta baadaye. Hatuoni ubaya wa njia hiyo. Tunachoogopa ni cheti cha siku tatu kinachotolewa hotelini.

Na kuna jambo lingine la hotelini. Utaalikwa kwenye mkutano, utapewa chai na keki, uambiwe ununue sanduku la mafuta kutoka nje, uwalete wengine watano, nao walete watano. Hiyo si elimu ya aromatherapia. Hata mafuta yakiwa mazuri, faida inatoka kwa wale unaowaingiza, na utawaingiza kina nani kama si watu wa kanisani na wa chama chako? Wengi bado wana kidonda cha miradi ya upatu iliyoanguka Kenya mwaka wa 2006 na 2007.

WATEJA NI NANI?

Eldoret ina bahati ambayo miji mingi haina. Iten iko karibu, Kaptagat iko karibu, na wakimbiaji wanaofanya mazoezi huko hukandwa miguu kama vile mkulima anavyonoa jembe. Wageni wanaokuja kukimbia milimani nao hulipia huduma hiyo. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, hoteli zinaongezeka, nazo zinatafuta wakandaji waliosoma.

Lakini mkimbiaji si mteja wa kuchezewa. Sheria za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinamfanya mwanariadha awajibike kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, na hapa Kenya shirika la ADAK linafanya kazi hiyo chini ya sheria ya mwaka wa 2016. Hutaweza kumwambia ni mafuta ya shosho tu. Andika kwenye chupa kila kilichomo, umwonyeshe mkufunzi wake kabla ya kufungua kifuniko. Usichokijua usimpake.

Wateja wengine ni akina mama wenye mabega yaliyokauka kwa kazi, walimu, wazee wa magoti, na wafanyakazi wa ofisi kama vile ulivyokuwa wewe. Hapa tuseme wazi jambo ambalo watu husema pembeni. Neno masaji limechafuliwa. Kuna vyumba mjini ambavyo vinatumia jina hilo kuficha biashara nyingine, na mama mwenye heshima zake akiweka kibao, kesho yake majirani wanaanza kutazamana. Mume naye anaulizwa maswali kwenye baraza. Tumeona dawa ya jambo hili si kukasirika bali mpango. Weka chumba mahali penye watu, saa za mchana. Cheti kiwe ukutani. Mteja ajaze fomu ya afya, afunikwe kwa shuka isipokuwa sehemu inayokandwa tu, apewe risiti. Wengine wameamua kukanda wanawake pekee, au wanafanya kazi wawili wawili. Hata hivyo kuna atakayepiga simu kuuliza mambo mengine. Mjibu kwa adabu mara moja, kisha usipokee tena.

Pia fikiria mwili wako mwenyewe. Kuna waliotoka ofisini kwa sababu ya mgongo, wakakuta kukanda ni kusimama na kuinama saa nyingi. Vidole gumba na viungo vya mikono huchoka. Watu wanne kwa siku ni kazi nzito.

MIPAKA YA DAWA HII

Utafiti umeonyesha faida ya kiasi: wasiwasi kupungua, usingizi kuja, maumivu ya misuli kulegea, pengine kichefuchefu kutulia. Malaria haitibiwi kwa harufu. Kisukari, Ukimwi na kansa pia havitibiwi kwa harufu. Mgonjwa wa kansa anaweza kukandwa taratibu ili apumzike, daktari wake akikubali, huku akiendelea na matibabu hospitalini. Mkandaji anayemwambia mtu aache vidonge vya presha anaweza kumuua, na kujiita daktari bila kusajiliwa ni kosa la jinai.

Mafuta haya ni makali kweli kweli. Hata kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kikimezwa na mtoto kinaweza kumletea degedege, na kafuri ni hivyo hivyo. Usimpake mtoto mchanga puani wala kifuani. Mafuta ya karafuu yanachoma ngozi yasipochanganywa. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda, ukijipaka halafu ukaenda juani, yanaweza kukubabua. Chupa ziwe za rangi nyeusi au kahawia, zifungwe, ziwekwe juu mahali ambapo mtoto hafiki.

SASA TUJE KWENYE PESA

Tupige hesabu ya mfano. Bei tunazoweka hapa ni za kuelezea tu, weka za kwako. Tuseme unatoza Sh1,500 kwa saa. Kwenye karatasi, watu wanne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni Sh120,000 kwa mwezi, na hapo ndipo watu wanaandika barua ya kujiuzulu. Lakini miezi ya kwanza hupati wanne kwa siku. Ukipata wanne kwa wiki, shukuru. Hiyo ni Sh24,000 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba Sh10,000. Toa mafuta, kufua taulo, maji na stima Sh5,000. Unabaki na Sh9,000. Ikiwa nyumba yako inatumia Sh40,000, umepungukiwa Sh31,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni Sh372,000. Pesa hizo ziko wapi? Kama jibu ni "zitapatikana," bado hujawa tayari.

Kumbuka tena kwamba kazi ya mikono inasimama mikono ikisimama. Korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, watu waliogopa hata kusalimiana, sembuse kukandwa.

Sasa Sacco. Hapa ndipo penye uchungu. Wafanyakazi wengi wana mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Ukiacha kazi, makato yanasimama lakini deni halisimami. Akiba yako inaweza kuchukuliwa kulipia, na isipotosha, wanaofuatwa ni wadhamini wako. Hao ni kina nani? Ni yule karani mliyekaa naye meza moja, ni jirani, ni mtu mnayeimba naye kwaya. Mwisho wa mwezi anakuta mshahara wake umekatwa kwa sababu wewe umeenda kutafuta amani ya moyo. Urafiki mwingi umekufa namna hiyo. Maliza mkopo kwanza, au kaa na Sacco na wadhamini wako, mwandikiane utalipaje, kabla hujamwambia meneja lolote.

Kuna bima ya afya pia. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, iko SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Asiye na mwajiri hupimwa uwezo wa nyumba yake, na haiwi chini ya Sh300 kwa mwezi. Tofauti kubwa ni kwamba yeye anatakiwa kulipa ya mwaka mzima mbele, hakuna wa kumkatia. Ile bima ya kampuni iliyokuwa ikilaza watoto hospitali nzuri inaisha siku unayotoka.

Wenye umri wetu wanakumbuka watumishi wa serikali waliostaafishwa miaka ya 1990 na kupewa bahasha ya kuagia. Wengine walinunua matatu, wengine wakajenga vibanda vya duka, na kabla ya miaka miwili pesa zilikuwa zimeisha. Walikuwa watu hodari kazini. Lakini walianza biashara siku ile ile walipoanza kuhitaji faida yake, na hawakupata nafasi ya kujifunza wakiwa bado wanakula.

Kwa hiyo ushauri wetu ni wa taratibu. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Zitumie kusoma. Kanda watu Jumamosi kwa muda wa mwaka mmoja, baada ya kusoma mkataba wako kama unakuruhusu kufanya kazi nyingine. Andika kila shilingi kwenye daftari. Baada ya mwaka, daftari hilo litakueleza kama wateja wanarudi. Anayekuja mara moja kwa kukuonea huruma, kwa sababu mnasali pamoja, si mteja bado. Mteja ni yule anayerudi mara ya tatu bila kuitwa. Na mumeo au mkeo alione daftari hilo kila mwezi, likiwa zuri na likiwa baya.

Tena usiharakishe barua. Kama kampuni inapanga kupunguza watu, sheria hiyo hiyo inasema aliyepunguzwa alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, pamoja na notisi na siku za likizo zilizobaki. Mwenye mshahara wa Sh60,000 na miaka 12 kazini hapo anapata kama Sh360,000, ambayo inakaribia kabisa lile pengo la mwaka tulilohesabu juu. Aliyejiuzulu mwenyewe wiki moja kabla ya tangazo hana haki ya pesa hizo. Mpango wa kustaafu kwa hiari nao una masharti yake, kwa hivyo usitie sahihi siku unayoletewa karatasi. Nenda nayo nyumbani, iende kwa mtu anayejua sheria, urudi nayo. Pensheni vile vile uliza ni kiasi gani unaruhusiwa kuchukua sasa, kwani sheria haikupi yote kabla ya umri wa kustaafu.

Na ukishaamua, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Ukiondoka bila notisi, wewe ndiwe utakayedaiwa. Siku ya mwisho usitoke mlangoni bila cheti cha utumishi, kinachoonyesha ulianza lini, ulifanya kazi gani na umetoka lini. Mwajiri analazimika kukitoa. Kiweke pamoja na vyeti vya shule, kwa sababu kuna walioikanda Iten mwaka mmoja halafu wakahitaji kurudi ofisini miezi sita kulipa karo ya mtoto, na walioweka cheti hicho walipata mahali haraka.